Mkebe wa Simba

Sikilizeni kwanza. Kwa, kwa, kwa. Huo si mlango, wala si fundi wetu wa mitambo anayegonga meza kwa hasira. Ni mkebe. Nimeuweka hapa karibu na maikrofoni. Ni mdogo, unakaa kwenye kiganja cha mtu mzima na vidole vikabaki nje. Sasa naufungua. Mmesikia huo mlio? Bawaba yake imeshika kutu, na kila ukiufungua hulia kama punda wa Langoni hapa Lamu anayedai chakula chake, ila huyu wa kwangu ana adabu, hulia polepole.

Nazungumza nanyi nyote wa Amu, Shela, Matondoni na Kipungani, na nyinyi wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini mnaotupata jioni ya leo.

Juu ya kifuniko cha mkebe huu kuna simba. Amesimama ubavu, kifua mbele, na manyoya yake yamechorwa kwa mistari iliyonyooka, kama nakshi aliyoitia fundi wa milango. Rangi nyekundu imebaki pembeni tu. Katikati imekwanguka hadi bati likaonekana. Chini ya simba kuna maneno ya Kiingereza, na leo nayasoma bila miwani kwa sababu nayajua kwa moyo: British Empire Exhibition, 1924. Humu mlikuwa na tofi.

Nataka tuzungumze juu ya mikebe ya aina hii, ile ya bati iliyochapwa picha, ikatiwa tofi, chokoleti au biskuti, kisha ikauzwa kwenye maonyesho makubwa ya zamani ili mtu arudi kwao na ushahidi kwamba alifika. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaoikusanya kama sisi tunavyokusanya madeni. Huku kwetu imetapakaa majumbani na hakuna anayeiita mkusanyo.

Huu wa kwangu ulikuwa wa bibi. Nyumba ya mawe ya Mkomani alikozaliwa mama ina zidaka, na nyinyi mnazijua: vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu kwenye ukuta wa ndani. Zamani mlikaa sahani za Kichina na mabakuli ya ng'ambo. Kwa bibi sahani zilikuwa zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo zina ufa. Kwenye safu ya pili, kimo cha mtoto wa miaka saba, ndiko alikokaa simba.

Bibi alikuwa akishona kofia za vito. Aliyewahi kuishona anajua ni kazi gani: kila kitundu kinatobolewa, kinazungushiwa uzi, kinakazwa, kisha unahamia kingine, na kofia moja ya kweli hula wiki nyingi. Alasiri alitandika mkeka penye mwanga, akaita: «Ndoo mwanangu, niletea mkebe wa simba.» Ndani mlikuwa na sindano zilizochomekwa kwenye kitambaa cha flaneli, uzi mweupe, nusu ya wembe, pete ya fedha iliyokatika, na kipande cha udi kisichozidi ukucha. Ukifungua tu ulipokewa na harufu tatu kwa pamoja: udi, chuma, na ya tatu ambayo mimi niliapa ni tofi. Nilikuwa nikitia pua ndani hadi bibi ananivuta sikio. Tofi ilikwisha kabla mama yangu hajazaliwa, lakini mtoto akishaambiwa hapa palikuwa na tamutamu, pua yake haisikii la mtu.

Mkebe ulifikaje Lamu? Baba yake bibi alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Wazungu pale mbele ya bahari. Mkebe ulikuja kutoka Uingereza kwa meli hadi Mombasa, na kutoka Mombasa kwa chombo hadi hapa. Wenyewe wakala tofi. Zilipokwisha, mpishi akapewa mkebe. Bibi alikuwa akifika hapo kwenye kisa anacheka hadi anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. «Tofi hakuonja hata moja,» husema, «lakini alirudi nyumbani kama aliyepewa kijaluba cha dhahabu.»

Sasa tuliache hilo kidogo, twende Wembley. Wengi wenu mnaijua Wembley kwa mpira. Ule uwanja wa zamani, uliovunjwa miaka ya mwanzoni mwa karne hii, haukujengwa kwa ajili ya mpira peke yake. Ulikuwa sehemu ya maonyesho ya Milki ya Uingereza, ukamalizika mapema, fainali ya kombe ikachezwa hapo Aprili 1923, na mwaka uliofuata ndipo maonyesho yenyewe yakafunguliwa. Siku ya ufunguzi, tarehe 23 Aprili 1924, Mfalme George wa Tano alihutubu uwanjani na hotuba ikarushwa kwa redio. Ilikuwa mara ya kwanza sauti ya mfalme wa Uingereza kusikika hewani. Kwa hiyo sisi watu wa maikrofoni tuna udugu fulani na mkebe huu, tutake tusitake.

Maonyesho yalichukua misimu miwili, 1924 na 1925, na waliopita milangoni walifika milioni 27. Karibu kila nchi iliyokuwa chini ya Uingereza ilipewa mahali pake ili ionyeshe ina nini cha kuuza. Kanada ilimchonga mtoto wa mfalme kwa siagi, mtu mzima mzima pamoja na farasi wake, wakamweka ndani ya jokofu la kioo watu wamtazame. Naona mmoja wenu anatikisa kichwa. Ni kweli tupu, na mimi nimeiona picha yake. Afrika Mashariki ilipewa jengo lake, lililojengwa kwa mtindo wa Kiarabu, kuta nyeupe. Basi Mwingereza wa Birmingham alilipa kiingilio akaingia kwenye nyumba ya kuigiza ya watu wa pwani, wakati sisi hapa Mkomani tunakaa kwenye zenyewe, na paa linavuja, na hakuna anayelipa hata senti kuja kulitazama. Siku hizi wanalipa, naam. Hilo lina mazungumzo yake ya siku nyingine.

Watu milioni 27 lazima warudi na kitu. Wengine walirudi na kadi za posta, wengine na vikombe, wengine na stempu, maana posta ya Uingereza ilitoa stempu za ukumbusho kwa mara ya kwanza katika historia yake kwa sababu ya maonyesho hayo, nazo pia zina simba. Na wengine walirudi na mkebe wa tamutamu. Fikirieni werevu wa jambo hilo. Mtu anapewa kitu cha kula, anakimaliza ndani ya treni kabla hajafika kwake, lakini tangazo halimaliziki. Linawekwa juu ya meko, linatiwa vifungo, linatiwa barua, linakaa miaka 50 likisema neno lile lile: milki yetu ni kubwa, milki yetu ni simba. Tofi ilikuwa chambo tu.

Hapo ndipo mimi hukwama kila nikiutazama mkebe huu, kwa sababu katika miaka ile ile, hapa Kenya, serikali ile ile ilikuwa ikigawa mkebe mwingine. Nao mnaujua kwa jina: kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetoka kwao kwenda kutafuta kazi alitakiwa awe na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, mshahara wake na siku aliyoachishwa. Na ili karatasi isiloe wala isichanike, ilitiwa ndani ya kikasha cha chuma, kikafungwa kamba, kikaning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mkebe mmoja umechapwa simba na kutiwa tofi, mwingine hauna picha na umetiwa alama za vidole. Lamu yenyewe, kwa karatasi, ilikuwa bado nchi ya Sultani wa Zanzibar, imekodishwa kwa Waingereza tangu 1895, na mambo ya nani aandikwe Mwarabu na nani aandikwe mwenyeji yalikuwa na mizengwe yake. Lakini watu wetu waliovuka kwenda bara walikiona kile kikasha kwenye shingo za wenzao, na walielewa.

Wala si kila mtu aliyefurahia Wembley. Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa London walilalamika waziwazi jinsi watu wa Afrika Magharibi walivyowekwa pale kutazamwa wakifanya kazi zao. Hilo halikuandikwa kwenye kifuniko.

Lakini nisije nikaugeuza mkebe kuwa mshtakiwa tu. Kama kazi ya mikono na akili, ni kitu cha kustaajabisha, na fundi yeyote anayesikiliza ataniunga mkono. Shida ya kuchapa picha juu ya bati ni kwamba jiwe la kuchapia ni gumu na bati ni gumu. Ukivikutanisha, wino haushiki sawasawa. Kwa hiyo mikebe ya mwanzo ilibandikwa karatasi au ikapakwa rangi kwa mkono. Mwaka 1875 mchapaji mmoja wa London, Robert Barclay, alisajili njia nyingine: picha inachapwa kwanza kwenye kitu laini, na hicho laini ndicho kinachoihamisha hadi kwenye chuma. Fanya kama bibi harusi aliyepakwa hina mbichi, akasahau, akashika ukuta. Ua liko kiganjani, na sasa liko ukutani pia. Hila hiyo iliyobuniwa kwa ajili ya bati baadaye ilihamia kwenye karatasi, na mpaka leo magazeti na vitabu vya shule vinachapwa kwa fikra hiyo hiyo. Biskuti na tofi ndizo zilizotangulia, Taifa Leo ikafuata.

Na mikebe hii ilifanya mambo ambayo walioiunda hawakuyaota. Uganda kuna kisa nikipendacho sana. Biblia nzima ya Kiganda ilipotolewa mwaka 1896, tafsiri ambayo kazi yake kubwa ilifanywa na Mmisionari George Pilkington pamoja na wenzake Waganda, ilichapwa nene na fupi kama tofali. Sababu? Iingie ndani ya mkebe wa biskuti wa Huntley & Palmers, mvua isiifikie na mchwa wasiile. Watu wakaiita Biblia ya biskuti. Mtu wa Lamu aliyewahi kufungua kasha la vitabu vya marehemu baba yake akakuta mchwa wameshahitimu haoni ajabu yoyote hapo. Kiwanda hicho cha mji wa Reading kilipima mkebe kwa biskuti, na kitabu kitakatifu kikapimwa kwa mkebe.

Hapa kwetu kazi kubwa waliifanya mafundi bati. Mkebe wenye kifuniko kizuri ulibaki mkebe, lakini uliotoboka chini ulikatwa, ukakunjwa, ukawa kibatari. Nimewahi kushika kibatari ambacho utambi wake ulitokea mahali pa jicho la malkia fulani. Nusu ya taji ilikuwa upande huu na nusu imekunjiwa ndani. Debe la mafuta ya taa likawa ndoo, likawa kipimo cha mahindi, likawa ngoma ya harusi ya maskini. Kopo la Kimbo likawa gorogoro, na bara mtu hununua maharagwe kwa kopo bila kufikiria kwamba anapimiwa na kampuni ya mafuta ya kupikia. Na nyote mliosoma shule mlibeba mkebe wa hesabu wenye picha ya jengo la Kizungu juu yake. Mimi niliubeba miaka minane. Jengo lile ni Chuo cha Balliol, kule Oxford. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza. Tulikuwa tukitafuta bikari.

Twende kwa wakusanyaji. Sheria yao ya kwanza ni kwamba mkebe usiwe umeguswa. Usiwe na mkwaruzo, usiwe na kutu, na ukiwa bado na tamutamu yake ndani, bei hupaa. Mwaka 1900 Malkia Victoria aliwapelekea askari wake waliokuwa wakipigana na Makaburu kule Afrika Kusini mkebe wa chokoleti kila mmoja. Mwaka 2021, katika nyumba moja kubwa ya Norfolk iitwayo Oxburgh Hall, mkebe mmojawapo ulikutwa na chokoleti yake imo ndani, imetimiza miaka 121. Mwenye kupewa hakuionja! Dunia ikashangilia. Mimi nilimhurumia. Mtu amevuka bahari kwenda vitani, ametumiwa tamutamu na malkia wake, halafu ameifungia ili sisi tuipige picha.

Kwa kipimo chao mkebe wa bibi hauna thamani. Rangi imekwisha, bawaba inalia, na chini pana herufi moja ya Kiarabu iliyokwaruzwa kwa sindano, ya jina la mama nilivyoambiwa, alipokuwa akijifunza kuandika. Miaka michache nyuma alikuja kwetu mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, mtu mwenye maneno matamu. Akaushika, akaugeuza, akaona ile herufi, akasikitika kweli kweli. «Pasingekuwa na hii,» akasema, «ningekupa bei nzuri.» Shangazi yangu alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa. Akamwambia: «Bwana, pasingekuwa na hiyo ungeupata sokoni, usingepanda ngazi zetu.»

Najua kati yenu wapo wenye mikebe kama hii na wangependa kujua wana nini. Haya, kwa haraka. Tazama kama picha imo kwenye bati lenyewe au ni karatasi iliyobandikwa. Soma maneno yote, hata yale madogo ya chini na ya ndani ya kifuniko. Mwaka na jina la maonyesho ndiyo yanayosema zaidi. Mikebe mingi inayoigiza ya kale ilitengenezwa juzi juzi tu kwa ajili ya wapenda mambo ya zamani, na ukiona ile mistari ya bakodi ya dukani, jua mkebe huo umezaliwa baada ya 1974, huenda ni mdogo kuliko wewe. Na tafadhali sana, msiusugue kwa mchanga wala majivu. Najua ndivyo tulivyolelewa, sufuria isipong'aa mwenye nyumba ameaibika. Lakini rangi ya mkebe ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Siku moja ya usafi inamaliza miaka mia. Kitambaa kikavu kinatosha. Usiuweke dirishani mbele ya bahari wakati wa kusi, chumvi ya hewani inakula bati usiku na mchana. Kidaka cha ndani, mbali na upepo, ndipo pake. Waliojenga zidaka hawakuwa wajinga.

Kama ni ukumbusho wa kuchapwa, sisi pwani tuliupeleka kwenye kitambaa. Leso hutolewa kwa uhuru, kwa uchaguzi, kwa ziara ya mkubwa, tarehe imo na jina limo. Mkebe ulikuwa mgeni. Lakini mgeni huyo bado anakuja. Watu wetu wakirudi kutoka Saudia, Dubai au Maskati, kwenye sanduku hamkosi mkebe wa Quality Street, zile tamutamu zilizoanza kutengenezwa na Mackintosh wa Halifax mwaka 1936, na ambazo kule Ghuba watu huziita Makintosh tu, kwa jina la mwenyewe. Watoto wanazunguka mkebe, karatasi za rangi zinaruka, kwa saa moja nyumba ni idi. Nenda tena nyumba hiyo baada ya mwezi, uwaombe watoto wakuletee ule mkebe. Watakuletea kwa heshima. Utafungua ukute sindano.

Nimeulizwa mbona siupeleki mkebe huu Makumbusho ya Lamu. Makumbusho yetu, tangu 1971, yana siwa, yaani baragumu, ile ya shaba ya Amu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, na siwa inastahili kioo na taa. Mimi sina ugomvi na kioo. Ila kuna tatizo dogo. Leo asubuhi nilipouchukua kuja nao hapa studio, ilinibidi niumwage kwanza. Sindano, uzi, nusu ya wembe, vyote nimevitia kwenye kopo la Kimbo na kuliacha juu ya mkeka. Shangazi anamalizia kofia ya mjukuu wake, harusi ni wiki ijayo, na nimeshaona simu yake hapa mara mbili tangu nianze kusema. Yeye hatii mkono kwenye kopo la Kimbo. Anasema linanuka mafuta na litamchafulia uzi. Kwa hiyo mniwie radhi, mwenzangu ataendelea na taarifa ya bahari na upepo. Mimi naufunga. Mmesikia? Huo ndio mlio wake wa kufunga, ni mfupi zaidi.